Sura ya Sita: Njia Zilizoitangulia Bustani

Mgeni akiuliza Njombe mjini mahali pa kunyoosha miguu jioni, huenda akaelekezwa kwenye maporomoko ya mto Ruhuji. Yako kando ya barabara ya Makambako, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji, na mngurumo wake husikika kabla maji hayajaonekana. Mvua zinapokolea, Machi na Aprili, mto hubeba udongo wa mashamba ya juu na kugeuka rangi ya kahawia. Wakati wa kiangazi mto hupungua, maji yakawa maangavu na mwamba ukajitokeza. Maji hayohayo hushuka hadi bonde la Kilombero, huingia Rufiji, na hatimaye hufika kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Anayesimama juu ya maporomoko akiwa na simu mkononi huenda ameichaji kwa maji yaliyopita hapo mwezi uliopita.

Kwa anayependa kutembea, Njombe ndivyo ilivyo: vitu vipo, ila havijapewa jina. Hakuna msitu wa mjini wenye geti, ramani na vibao vya kilomita kama ule wa Karura jijini Nairobi. Kuna vijia visivyohesabika vilivyokanyagwa na watu waendao shambani, shuleni, kanisani na sokoni, na kuna barabara za vumbi za mashamba ya miti ambazo mwendesha baiskeli wa Ulaya angezilipia. Kazi iliyobaki ni kuzilinda kabla mji haujazimeza. Kazi hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Wako walioifanya, na wengine waliumia wakiifanya.

Kwanza, mwili wa mtembeaji. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda basi Dar es Salaam alfajiri na kushuka hapa usiku amepanda mlima bila kuinua mguu, na kilima cha kwanza cha kesho yake kitamwambia. Ahesabu siku ya kwanza kuwa ya kuzoea. Juni na Julai ni miezi ya makoti na kofia za sufu. Usiku umande huganda mabondeni na kuunguza majani ya viazi, na asubuhi ukungu hukaa barabarani mpaka jua lipate nguvu. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Wenyeji hawana mjadala juu ya viatu vya kutembelea msimu huo: ni mabuti ya mpira, yale ya shambani.

Mji umekaa juu ya migongo ya vilima. Barabara kubwa hufuata migongo, vijia vya miguu hukatiza mabonde. Anayefuata lami atazunguka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Anayefuata mwanafunzi aliyechelewa shule atashuka, atavuka kijito kwa gogo, atapanda, na atafika kabla ya bajaji. Chini kule bondeni ndiko kwenye vinyungu, bustani za mabondeni ambazo Wabena na majirani zao Wahehe wamezilima kwa vizazi vingi. Mahindi mabichi, maharage na mboga hustawi humo wakati mashamba ya juu yamekauka, kwa sababu ardhi ya bondeni hutunza maji. Matuta hupangwa kwa mifereji midogo katikati, na kijia hupita ukingoni, upana wa mtu mmoja na jembe lake begani. Wawili wakikutana, mmoja hupisha, na salamu hazikwepeki. Mgeni asiyesalimia huonekana ana haraka ya kukimbia kitu.

Pembeni mwa vijia hivyo husimama mianzi, na kati ya Januari na Mei mianzi hiyo ina kazi. Mgemaji hukata ncha ya chipukizi changa, hufunga chombo chini ya mkato, na hurudi asubuhi na jioni kuchonga upya na kukusanya utomvu. Ule wa siku ya kwanza ni mtamu, hata mtoto huuonja. Ukilala siku mbili huwa ulanzi mkali unaoweza kumfanya mwendesha baiskeli aiache baiskeli yake hapohapo. Chombo cha asili ni mbeta, pingili ya mwanzi mkavu, na kinywaji hupimwa kwa mbeta hiyohiyo. Siku hizi madumu ya plastiki yamechukua nafasi kubwa.

Kilomita chache kabla ya kufika mjini, kwa anayetokea Makambako, ni Kibena. Hapa mandhari hubadilika ghafla: miti iliyonyooka kwa mistari, majani ya chai upande mmoja, moshi wa kiwanda. Ni nchi ya TANWAT, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949 na shirika la Uingereza la maendeleo ya makoloni ili kupanda miwati. Muwati ni mti wa Australia ambao magome yake yana tanini, dawa ya kusindikia ngozi. Gome humenywa kwa vipande virefu kuanzia chini, hufungwa mafungu, hupelekwa kiwandani. Mti uliobaki huwa kuni, nguzo au mkaa. Kampuni iliwahi kujenga mtambo wa umeme wa megawati 2.5 unaochoma kuni na mabaki ya mbao, jambo lililoifanya Kibena iwake taa kwa miti yake yenyewe.

Kinachomvutia mtembeaji ni barabara za kukinga moto. Mashamba ya miti hukatwa vipande kwa njia pana zilizosafishwa, ili moto ukizuka kipande kimoja usivuke kwenda kingine. Njia hizo hupanda na kushuka kwa mteremko wa wastani, kwa sababu ilibidi magari yapite, na kwa baiskeli ya gia hakuna pazuri zaidi mkoani. Ila ni mali ya kampuni. Anayetaka kupita aombe ruhusa ofisini, na akipewa ajue kwamba lori la magogo halipungui mwendo kwa ajili ya mtu anayefanya mazoezi. Miezi ya kiangazi, hasa kuanzia Agosti, walinzi humtilia shaka mtu yeyote mwenye kiberiti, na wana haki.

Ndani ya misindano kuna kivuli na harufu nzuri, lakini ndege ni wachache. Miti ya aina moja, ya umri mmoja, ni chumba kitupu chenye nguzo nyingi. Watu wengi huichukulia Njombe kuwa ya kijani na kuishia hapo. Kijani hicho, sehemu kubwa, kimepandwa. Kilichopungua ni nyika za nyasi za juu, zilizokuwapo kabla ya miwati, misindano, milingoti na sasa miparachichi. Mbayuwayu wa buluu, ndege adimu anayezaliana katika nyasi za Njombe na za uwanda wa Kitulo, hana haja na msitu wa kupandwa; anahitaji nyasi wazi. Muwati wenyewe umo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, maana mbegu zake hulala ardhini miaka mingi na huchipua baada ya moto. Kwa hiyo mji unaotaka bustani hapa usidhani kazi inaanza kwa kupanda miti. Pengine inaanza kwa kuacha sehemu bila kupanda kitu.

Makambako ni habari nyingine. Kilomita 60 kutoka Njombe, milima inalegea, anga linapanuka, na upepo unaanza kuvuma kama una deni la kudai. Wapimaji wa nishati waliutambua mapema: Makambako na Singida ni kati ya maeneo ya mwanzo nchini kupimwa kwa ajili ya umeme wa upepo. Mwendesha baiskeli huupima bila vyombo. Akitoka asubuhi upepo ukiwa mgongoni, atajiona bingwa. Jioni akirudi atajua nani alikuwa akifanya kazi.

Mji huu ni mtoto wa njiapanda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma hapa hukutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, hupita humohumo. Katika kilomita 1,860 za reli hiyo, kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa kupanda kutoka Mlimba, kwenye joto la Kilombero, hadi Makambako. Mahandaki mengi ya reli nzima yako kwenye mpando huo. Abiria anayeshuka stesheni ya Makambako amekwisha kuvuka sehemu iliyowatoa jasho wahandisi kuliko nyingine. Nje, malori ya Zambia na Kongo yamepanga foleni, magunia ya viazi yamejazwa lumbesa mpaka yameota shingo, na kati yao zinapita baiskeli.

Baiskeli za Makambako hazikununuliwa kwa matembezi. Keria ya kiwandani huondolewa siku ya kwanza. Mahali pake fundi huchomelea nondo. Mzigo hufungwa kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani, vilivyokatwa kama mikanda, kwa kuwa kamba ya katani hulegea njiani na mpira haulegei. Panapopanda, mwenye baiskeli hushuka na kusukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye gunia. Panaposhuka hupanda, na breki zikichoka husaidiwa na soli ya kiatu. Fundi wa kandokando, mwenye beseni la maji la kutafutia tundu, msasa na gundi ya solusheni, ni mtu muhimu kuliko ofisi nyingi. Bodaboda zimepunguza baiskeli hizi, hazijazimaliza. Watu hawa ndio watumiaji wa kwanza wa njia yoyote ya baiskeli itakayochorwa Makambako, na mchoraji anayewaza helmeti na nguo za kubana tu ataichora mahali pasipohitajika.

Mahitaji ya njia hiyo hayafichiki. Bega la barabara kuu ndilo njia ya baiskeli, ndilo njia ya mwenda kwa miguu, ndilo soko, ndilo egesho la lori lililopasuka tairi. Ndilo pia uwanja wa mazoezi. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi ya kila Jumamosi ya pili ya mwezi ili kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, na vikundi vya kukimbia vimeongezeka mijini. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mkulima wa Njombe hupata dakika hizo kabla ya Jumanne. Anayezikosa ni mtumishi wa ofisini, mwenye duka, dereva wa lori, na akiamka kukimbia hujikuta kwenye bega lilelile, gizani, akimulikwa na taa za basi.

Kama barabara haimfai mkimbiaji, basi mji unahitaji ardhi nyingine. Ardhi hupatikanaje, na hubakije?

Jibu la Nairobi lilikuwa ghali. Karura, msitu wa hekta zaidi ya 1,000 kaskazini mwa jiji, ulitangazwa hifadhi mwaka 1932. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi wa kujenga majumba. Wangari Maathai na wenzake wa vuguvugu la Green Belt waliingia msituni na miche. Tarehe 8 Januari 1999 walizuiwa getini na kundi la walinzi wa kukodiwa wenye mijeledi na silaha za jadi. Maathai alipasuliwa kichwa, na alipokwenda polisi kuandikisha maelezo aliyatia saini kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana. Agosti mwaka huohuo Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Maathai alipata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Lakini msitu uliookolewa haukuwa bado msitu wa kutembelewa. Kwa miaka kadhaa Karura iliogopwa. Wanawake hawakuingia peke yao, miili ilitupwa humo. Kilichoigeuza ni uzio wa umeme, askari wa doria waliotokana na vijana wa mitaa ya jirani, na jumuiya ya wapenzi wa msitu iliyoshirikiana na Shirika la Misitu la Kenya tangu mwaka 2009. Leo kuna makumi ya kilomita za njia za miguu na baiskeli, maporomoko, mapango yaliyowaficha wapiganaji wa Mau Mau, na kiingilio getini. Mikaratusi ya zamani inaondolewa polepole, miti ya asili inarudishwa. Jumamosi asubuhi mtoto wa Huruma na balozi wa nchi tajiri hupishana kwenye kijia kimoja. Kiingilio huleta mgogoro wake, kwa sababu mahali penye fedha pana wanaotaka kuzihesabu, lakini njia zinasafishwa.

Kigali ilifanya kwa utulivu zaidi. Bonde la Nyandungu lilikuwa kinamasi kilichochoka kwa kulimwa, kuchimbwa na kutupiwa taka. Serikali ya Rwanda ilianza kulikarabati mwaka 2016, na Julai 2022 likafunguliwa kuwa bustani ya hekta 121, yenye kilomita 10 za njia za miguu na baiskeli, mabwawa ya kuchuja maji na maelfu ya miti ya asili. Kwa mtu wa Njombe huu ndio mfano wa karibu kuliko Karura, kwani Njombe nayo ni mji wa mabonde yenye maji. Hagafilo, mto wa Njombe, hauwezi kuwa safi bondeni ikiwa kingo zake zimejaa vyoo na magereji.

Na sheria tayari ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Ukiiweka kwenye ramani ya Njombe, sheria hiyo huchora yenyewe mtandao wa ukanda wa kijani, mita 60 kila upande, mto kwa mto, kuzunguka mji mzima. Ndani ya ukanda huo kijia kinaweza kupita bila nyumba hata moja kubomolewa, pale ambapo nyumba hazijaingia bado.

Hapa ndipo penye mwiba. Vinyungu navyo vimo ndani ya mita hizohizo. Mara kwa mara, kila mito inapopungua, wakulima wa mabondeni huambiwa waondoke, na wao hujibu kwamba bonde ndilo linalowalisha kati ya Agosti na Januari. Bustani ya kutembelea inayoanza kwa kung'oa kabichi za mjane itakuwa imejitafutia maadui kila upande wa uzio. Wala hakuna ulazima. Kijia cha ukingoni mwa vinyungu kipo tangu zamani. Mtembeaji anapita, mkulima analima, na akipenda anamuuzia mahindi ya kuchoma. Kinachotakiwa kuzuiwa ni nyumba na gereji, na wenye hizo huja na hati mkononi, wakati mwenye kinyungu hana hata karatasi.

Anayetaka matembezi makubwa zaidi ana Kitulo, wilayani Makete, ambako lami sasa inafika kutoka Njombe. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua: aina 350 hivi za mimea, 45 kati yake okidi, juu ya uwanda wa mita 2,600. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Huko mtu hutembea kwa miguu kwa sababu hakuna simba wa kumzuia, na wakati wa kwenda ni mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, ingawa ndio wakati anapolowa. Adui wa okidi hizo alikuwa mlo: viazi vyake vilichimbwa kwa magunia na kuvushwa hadi Zambia kupikwa chikanda.

Karibu zaidi, upande wa Wanging'ombe, ni msitu wa Nyumbanitu, wenye heshima kubwa katika mila za Wabena. Haukuzungushiwa uzio wa umeme. Mti haukatwi, kuku weusi wanaosimuliwa kuishi humo hawakamatwi, na pango lake linakumbukwa kuwa maficho wakati wa vita. Msitu umesimama wakati vilima vinavyouzunguka vimelimwa. Njia ya kuingia ni moja, na haipitwi bila wazee wa kimila kutangulia. Anayetoka Makambako kwa baiskeli aondoke mapema, apitie kwanza serikali ya kijiji, na asubiri wazee waitwe; siku wakiwa msibani au shambani, atalala Mdandu au atarudi alikotoka.